Stesheni mbili za Syokimau: ipi ni yako, na kwa nini zimekuwa mbili

Swali: Mimi na mume wangu tumehamia barabara ya Katani, Syokimau. Kazi yangu iko mjini Nairobi, karibu na Haile Selassie Avenue, na matatu za asubuhi zimenichosha. Nikiuliza habari za treni, huyu ananielekeza SGR, yule ananielekeza kwenye kituo kingine. Zilijengwa lini, na kwa nini ziko mbili mahali pamoja? Naweza kuitegemea treni kwenda kazini? Tena mama mkwe anakuja kutoka Voi, nimpokee wapi? Na kuna ploti tumeonyeshwa karibu na reli. Tununue?

Jibu: Dada yangu, waliokuelekeza hawakukosea, ila kila mmoja alikuwa akizungumzia reli yake. Syokimau ina reli mbili zisizoingiliana, na kila moja ina stesheni yake. Ile ndogo, iliyofunguliwa mwaka 2012, ni ya treni za kwenda mjini na kurudi. Hiyo ndiyo yako ya kila siku. Ile kubwa yenye jengo la fahari, iliyoanza kazi mwaka 2017, jina lake rasmi ni Nairobi Terminus, na ni ya SGR, yaani reli ya kisasa, inakopita treni ya Madaraka Express ya Mombasa. Hiyo ndiyo ya mama mkwe. Ukishaelewa kwa nini zikawa mbili, utaelewa pia kwa nini treni yako ya asubuhi haiji kila baada ya dakika kumi, kwa hiyo nivumilie nianzie mbali kidogo.

Reli ya kwanza iliyopita nchi hii ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika Nairobi mwaka 1899, ikafika Kisumu, wakati huo ukiitwa Port Florence, Desemba 1901. Waingereza hawakuijenga kwa ajili ya watu wa Athi wala wa Machakos. Walitaka kulifikia Ziwa Viktoria na Uganda, na kila kilichokuwa katikati kilikuwa njia tu. Vituo viliwekwa pale injini za mvuke zilipohitaji maji na kuni, au pale treni mbili zilipohitaji kupishana, kwa sababu njia ilikuwa moja. Nairobi yenyewe ilizaliwa hivyo. Palikuwa na ardhi tambarare na maji kabla ya njia kuanza kupanda kuelekea Bonde la Ufa, wakaweka bohari na karakana, na mwaka huohuo wa 1899 makao makuu ya reli yakahamishwa kutoka Mombasa. Mji ukafuata.

Wafanyakazi wa reli walijengewa landi, yaani nyumba za wafanyakazi, karibu kabisa na kazi. Muthurwa, Landimawe na Makongeni ni mitaa iliyokua kwenye kivuli cha reli. Mtu aliamka, akavuka njia, akaingia karakana kwa miguu. Hakuna aliyefikiria treni ya kuwatoa watu nje ya mji asubuhi na kuwarudisha jioni, kwa kuwa watu wa reli walilala mlangoni pa reli. Hilo ndilo chimbuko la shida ya usafiri wa treni Nairobi hadi leo: njia zilizopo zilichorwa kwa mizigo na safari ndefu, kisha mji ukapanuka kuelekea pande ambazo hakuna aliyezipangia treni.

Jina la Syokimau lina historia yake, na mtu anayeishi huko anastahili kuijua. Syokimau alikuwa mwanamke wa Kikamba, mwonaji, aliyeishi nchi ya Machakos katika karne ya 19. Masimulizi ya Wakamba yanasema alitabiri kuja kwa watu wenye ngozi ya rangi ya nyama, watakaobeba moto mifukoni mwao, na nyoka mrefu atakayetambaa kutoka maji haya hadi maji yale akitoa moto na moshi. Watu wenye moto mifukoni wakaja na viberiti. Nyoka akaja pia, kutoka Bahari ya Hindi hadi Ziwa Viktoria. Wakikuyu nao wana Mugo wa Kibiru, aliyetabiri nyoka wa chuma. Kwangu mimi, hakuna kituo cha reli Afrika Mashariki chenye jina linalokifaa zaidi ya hiki, na ninasikitika kwamba maelfu ya watu hupita hapo kila wiki bila kujua kwamba jina lililo kwenye kibao ni la mtu, tena mwanamke aliyeizungumzia reli kabla haijakuwapo.

Sasa tuje karibu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la reli likagawanywa, na Shirika la Reli la Kenya likaundwa mwaka 1978. Miaka iliyofuata ilikuwa ya kushuka. Vichwa vya treni vilizeeka, malori yakachukua mizigo, matatu zikachukua abiria. Treni za abiria za ndani ya Nairobi ziliendelea kukimbia kwenye njia kama za Kahawa na Kikuyu, mabehewa yakijaa hadi watu wakapanda juu ya paa, lakini hakuna kilichojengwa upya. Novemba 2006 uendeshaji wa reli ya Kenya na Uganda ulikabidhiwa kampuni ya Rift Valley Railways kwa mkataba wa miaka 25. Mkataba huo haukufika mbali. Ulivunjwa mwaka 2017 na Shirika la Reli likarudishiwa kazi yake.

Ndani ya kipindi hicho kigumu ndipo kituo chako kilipozaliwa. Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya uliozinduliwa mwaka 2008, uliutaja usafiri wa treni wa Nairobi na viunga vyake kuwa miongoni mwa miradi ya kutangulizwa. Wakati huo Barabara ya Mombasa ilikuwa imelemewa. Mlolongo, Syokimau, Kitengela na Athi River zilikuwa zikijaa nyumba kwa kasi, na wenye nyumba hizo karibu wote walikuwa na kazi mjini. Likajengwa tawi fupi la reli lililochepuka kutoka njia kuu ya zamani hadi Syokimau, pamoja na jengo jipya la stesheni, na Rais Mwai Kibaki akakifungua kituo tarehe 13 Novemba 2012. Kilihesabiwa kuwa stesheni ya kwanza mpya ya reli kujengwa Kenya tangu uhuru. Ni karibu nusu karne hiyo, nchi yenye reli inayovuka miji yake mikubwa yote bila kujenga hata kituo kimoja kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini.

Kuna jambo ninalopenda kuwakumbusha watu hapa. Wiki mbili tu kabla ya Syokimau, tarehe 29 Oktoba 2012, Dar es Salaam nayo ilianzisha treni za mjini, moja ya shirika la reli la huko kuelekea Ubungo Maziwa na nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Wenyeji waliibandika jina la Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati ule. Miji miwili ililemewa na msongamano uleule ikakimbilia dawa ileile, lakini kwa njia tofauti. Dar walichukua reli iliyopo na mabehewa yaliyopo, wakaanza. Nairobi walijenga kwanza kituo kizuri chenye ukumbi wa tikiti, na uwanja mkubwa wa kuegesha magari. Uwanja ule unakueleza kituo kilikusudiwa nani: mtu wa Kitengela au Mlolongo mwenye gari, aliache pale, apande treni, asiingie na gari mjini. Wazo ni zuri, lakini lilimsahau kidogo mtu kama wewe unayekuja kwa miguu, na nitalirudia.

Kutoka Syokimau hadi stesheni kuu ya Nairobi ni kilomita 16 hivi. Katikati treni hupita Imara Daima na Makadara, stesheni zilizotengenezwa kwa mpango huohuo. Safari huchukua karibu nusu saa treni isipocheleweshwa, na uzuri wake ni kwamba muda huo haubadiliki sana mvua ikinyesha. Mtu aliyewahi kukwama Barabara ya Mombasa jioni ya Novemba, maji yamejaa, anajua thamani ya hilo bila kuelezwa.

Mwanzoni treni zilikuwa mabehewa ya kawaida yanayovutwa na kichwa. Hapa kuna ufundi ambao abiria hauoni lakini unamgusa. Syokimau ni mwisho wa tawi. Treni ya namna ile ikifika mwisho, kichwa hubidi kifunguliwe, kipite njia ya pembeni, kizunguke hadi upande wa pili, kifungwe tena, breki zipimwe, ndipo safari ya kurudi ianze. Kila mzunguko unakula dakika ambazo zingetosha kuanza safari nyingine. Mwaka 2020 Kenya ilinunua seti 11 za treni za dizeli zilizotumika kutoka kisiwa cha Mallorca, Uhispania, na huduma mpya ya treni za Nairobi ikazinduliwa na Rais Uhuru Kenyatta Novemba mwaka huohuo. Hizo hazina kichwa cha kufungua. Injini ziko ndani ya treni yenyewe, na kuna chumba cha dereva kila upande. Dereva anashuka huku, anatembea hadi kule, anaondoka. Watu wengi walilalamika wakati ule kwamba tumenunua treni kuukuu. Mimi nilizitetea, na ninazitetea hata leo: kwa njia fupi yenye mwisho kama hii, treni iliyotumika yenye chumba cha dereva kila upande ina faida kuliko behewa jipya linalosubiri kichwa.

Basi kwa nini hazipiti mara nyingi? Sababu kubwa ni kwamba reli ya zamani, kwa sehemu kubwa, ni njia moja. Treni ya kwenda na ya kurudi haziwezi kuwa kwenye kipande kimoja kwa wakati mmoja, lazima moja ingoje kwenye kituo chenye njia ya kupishana. Njia hiyohiyo inatumiwa na treni za mizigo na za laini nyingine za mjini. Isitoshe, kati ya Imara Daima na Makadara reli inapita ubavuni mwa Mukuru, ambako nyumba, vibanda na watoto wako karibu sana na vyuma. Dereva mwenye akili hapo hapigi mbio, na hatupaswi kumtaka apige. Kuongeza mabehewa ni rahisi. Kuongeza safari kunataka njia ya pili, mahali zaidi pa kupishana, na uzio wa maana pembeni, na hayo ndiyo mambo ambayo hakuna kiongozi anayeyakatia utepe kwa furaha.

Kwa hiyo treni hizi zimepangwa kwa vipindi viwili, asubuhi kuelekea mjini na jioni kutoka mjini. Katikati ya mchana ni chache, na Jumapili usiitegemee. Swali lako la kweli basi ni hili: je, siku yako ya kazi inaingia ndani ya vipindi hivyo viwili? Ukiwa unaingia kazini saa mbili na kutoka saa kumi na moja, jibu langu ni ndiyo, acha matatu leo. Ukiwa na zamu za usiku, au bosi anayeitisha mikutano saa kumi na mbili jioni, treni itakuacha, na itabidi uwe na nauli ya matatu mkobani siku hizo.

Ofisi yako iko mahali pazuri kwa treni kuliko unavyodhani. Stesheni kuu ya Nairobi iko kando ya Haile Selassie Avenue yenyewe, chini ya Moi Avenue. Unashuka, unatoka nje, umefika. Wanaoumia ni wale wa Westlands na Kilimani, maana wakishuka wanaanza safari ya pili kwenye steji ya Railways. Na kama siku moja utahamishiwa Industrial Area, usiende hadi mjini. Chungulia ramani uone kama Makadara au Imara Daima iko karibu zaidi. Wengi wanapitiliza hadi stesheni kuu kwa mazoea, kisha wanarudi nyuma kwa matatu.

Fanya hivi wiki ya kwanza. Nenda stesheni jioni moja, soma ratiba iliyobandikwa pale, usitumie picha ya ratiba inayozunguka WhatsApp, kwa kuwa ratiba hubadilishwa na picha hazifutwi. Kisha pima muda wa kutembea kutoka mlangoni kwako hadi kwenye jukwaa la abiria, siku ya mvua na siku ya jua, kwani barabara ya Katani ikilowa si ile ya kiangazi. Chagua treni ya pili kutoka mwisho asubuhi, si ya mwisho, ili ikikupita bado una nyingine. Jioni fanya vivyo hivyo. Treni huondoka kwa saa yake, haingoji ijae kama matatu, na mtu aliyezoea makanga kumshikia gari huchukua muda kuzoea hilo.

Hapa ndipo ninaporudi kwa mtembea kwa miguu. Kituo cha viungani kinahukumiwa kwa ile kilomita moja ya mwisho kabla hujafika kwenye geti lake. Kama mwanamke anaogopa kutembea kutoka stesheni hadi nyumbani saa moja na nusu usiku, kwake treni hiyo haipo, hata ingekuwa safi na ya haraka namna gani. Syokimau inahitaji njia za waenda kwa miguu zenye taa kutoka mitaani hadi stesheni kuliko inavyohitaji nafasi zaidi za kuegesha magari. Hili ni jambo la serikali ya kaunti ya Machakos na Shirika la Reli kukaa pamoja, na wakazi mkiwa na chama cha mtaa mna haki ya kulidai kwa maandishi. Kwa sasa, tafuta majirani wanaopanda treni hiyohiyo mtembee pamoja jioni, au kubaliana na mwendesha boda mmoja unayemwamini.

Utaambiwa pia kwamba Expressway imemaliza haja ya treni. Barabara ile ya juu, yenye urefu wa kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilianza kutumika mwaka 2022 na ina njia ya kuingilia Syokimau. Ni kweli mwenye gari anafika mjini upesi. Lakini analipa kila anapopita, asubuhi na jioni, na juu ya hapo mafuta na maegesho mjini. Piga hesabu ya siku 22 za kazi kwa mwezi kabla hamjakubaliana na mume wako kwamba gari ndilo jibu. Matatu nyingi bado ziko chini, kwenye barabara ya zamani, palepale zilipokuwa.

Sasa ile stesheni kubwa. Reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa na kampuni ya Kichina, China Road and Bridge Corporation, kwa takriban shilingi bilioni 327, sehemu kubwa ikiwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Rais Uhuru Kenyatta aliizindua tarehe 31 Mei 2017, na siku iliyofuata, Madaraka Dei, wananchi wakaanza kusafiri. Ndiyo maana ya jina Madaraka Express. Treni ya zamani ya abiria kati ya Nairobi na Mombasa ilikuwa imefanya safari yake ya mwisho mwezi mmoja kabla, Aprili 2017.

Tofauti ya reli hizi mbili iko kwenye upana. Vyuma viwili vya reli ya zamani vimeachana kwa milimita 1,000. Vya reli ya kisasa vimeachana kwa milimita 1,435. Gurudumu la treni yako ya asubuhi haliwezi kukanyaga njia ya Madaraka Express, na Madaraka Express haiwezi kuingia stesheni kuu ya mjini. Reli ya kisasa ilielekezwa kwanza kwenye bohari ya makontena ya Embakasi, kwa sababu makontena ndiyo yaliyotarajiwa kulipa deni, na abiria wakawekewa stesheni yao hapo jirani, Syokimau, ambako ardhi ilikuwa wazi. Kumfikisha abiria katikati ya mji kungetaka kubomoa sana. Hivyo anayetoka Mombasa anashushwa kilomita kadhaa nje ya mji aliolipia kufika, kisha anahamia treni ya reli ya zamani inayomuunganisha na stesheni kuu. Kwa maoni yangu huo ndio udhaifu mkubwa wa mradi wote kwa upande wa abiria, ingawa kwenu nyinyi wakazi wa Syokimau umegeuka neema: Mombasa inaanzia mlangoni kwenu.

Oktoba 2019 reli hiyo iliendelezwa kilomita 120 zaidi, ikapita juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi kwa daraja la takriban kilomita 6, hadi Suswa. Stesheni za upande huo ni Ongata Rongai, Ngong, Maai Mahiu na Suswa. Mkipata Jumamosi ya mapumziko, ulizeni ratiba ya upande huo, kwa kuwa kuona twiga kutoka dirishani mji ukiwa bado nyuma yako ni jambo la kumfurahisha mtoto na mtu mzima. Treni za safari za Kisumu na Nanyuki, zilizofufuliwa baada ya kulala miaka mingi, ni za reli ya zamani. Hizo zinaanzia stesheni kuu ya mjini, si Syokimau. Watu wamewahi kuzikosa kwa kuchanganya hayo.

Kuhusu mama mkwe. Madaraka Express ziko za namna mbili. Ile ya moja kwa moja ni ya haraka, na ile inayoitwa Inter-County husimama katika stesheni za katikati: Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Ya Voi ni hiyo ya pili. Kwa miaka mingi sasa huondoka Mombasa saa mbili asubuhi na kufika Nairobi mchana, mnamo saa nane. Mkatie tikiti mapema kwa simu, kwa kupiga *639# na kulipa kwa M-Pesa, na uandike jina lake na namba yake ya kitambulisho kama vilivyo kwenye kadi yenyewe, maana hivyo ndivyo vinavyokaguliwa mlangoni. Tangu Januari 2024 nauli ya Mombasa hadi Nairobi imekuwa shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, na ya kutoka Voi ni chini ya hiyo. Kama anakuja wakati wa Pasaka au Desemba, usingoje wiki ya safari. Tikiti huisha.

Mwambie afike stesheni ya Voi mapema, saa nzima kabla ikiwezekana. Kuna ukaguzi wa mizigo, na mifuko huweza kupangwa chini ili mbwa wanuse. Wazee wengine hushtuka wakidhani wanashukiwa jambo, kwa hiyo mweleze kabla kwamba kila abiria hufanyiwa hivyo. Kisu cha jikoni hata kama ni zawadi ya mkamwana asikifungashe. Wewe mngoje nje ya Nairobi Terminus, kwenye sehemu ya kupokelea, kwa kuwa wasio na tikiti hawaruhusiwi kufika jukwaani. Na hili ndilo la kumkaririsha: akishuka, asifuate umati unaokimbilia treni ya kuunganisha. Umati huo unakwenda mjini. Nyumba yenu iko hapohapo Syokimau, na teksi itawafikisha nyumbani kabla wale hawajafika stesheni kuu.

Umemaliza na ploti, na hapa nitakuwa mkali. Kukaa karibu na stesheni ni jambo jema, na thamani ya ardhi karibu na usafiri wa uhakika hupanda. Kukaa ndani ya hifadhi ya reli ni jambo jingine kabisa. Reli ina ukanda wake wa ardhi pande zote mbili, na ukanda huo hauuziki, hata kama muuzaji ana karatasi yenye mihuri. Watu wa Syokimau wanajua uchungu wa hili zaidi ya wengi. Novemba 2011, mwaka mmoja tu kabla stesheni haijafunguliwa, nyumba nyingi za watu zilibomolewa hapo kwa sababu ya ardhi iliyodaiwa kuwa ya uwanja wa ndege. Wengi walikuwa na karatasi mkononi tingatinga zilipofika.

Kwa hiyo msilipe hata shilingi ya kushikia nafasi kabla ya mambo haya. Chukueni namba ya hati, mkafanye upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi ya Machakos wenyewe, si kwa mkono wa wakala. Pateni ramani ya upimaji wa eneo hilo kutoka idara ya upimaji, Ruaraka, mkamlipe mpimaji aliyesajiliwa aje kuonyesha mipaka ardhini, mawe kwa mawe. Kisha andikeni barua kwa Shirika la Reli mkiuliza kama namba hiyo imegusa hifadhi yao au mpango wowote wa kupanua njia, na mngoje jibu la maandishi. Niliyokueleza juu ya njia moja yana maana hapa pia: siku serikali itakapoamua kuongeza njia ya pili hadi Syokimau, itapita pembeni mwa ile iliyopo. Muuzaji akiwaambia kuna mnunuzi mwingine analipa kesho, mwacheni alipe.